Fizi zisizotoka damu zisimhadae mvutaji sigara

UKIMWULIZA mvutaji sigara kama fizi zake ni nzima, aghalabu atakujibu kwamba hana tatizo lolote. Atakuambia kuwa yeye hupiga mswaki kila asubuhi na hajawahi kutema damu hata siku moja. Jibu hilo hulitoa kwa moyo mweupe, maana sote tumefundishwa tangu shuleni kwamba dalili ya kwanza ya ugonjwa wa fizi ni damu kwenye mswaki.

La kusikitisha ni kwamba kwa mvutaji, dalili hiyo hufichwa na sigara yenyewe. Mfupa unaoyashikilia meno yake waweza kuwa unaliwa polepole mwaka baada ya mwaka, huku fizi kwa nje zikionekana kavu na imara. Siku anapong'amua kwamba jino linacheza anapotafuna mahindi ya kuchoma, huwa sehemu kubwa ya mfupa huo imekwisha kwenda, na mfupa wa taya ukishaliwa haurudi kwa urahisi.

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo madaktari wetu wa meno hawapati nafasi ya kutueleza tunapokwenda kwao mbio mbio kung'oa jino. Nalo ni hili: moshi wa sigara hauchafui meno tu. Huingia hadi ndani ya chembechembe za fizi na kubadilisha jinsi jeni zetu zinavyofanya kazi, kiasi kwamba mwili unaanza kushindwa kujilinda na wakati huohuo unajibomoa wenyewe. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mabadiliko hayo yanaweza kurekebishika mtu akiacha. Ndiyo maana naonelea kwamba tunafanya kosa kubwa tunapowaacha wazee wetu wapoteze meno, tukisema kwamba hiyo ni kazi ya uzee au kwamba ni mambo ya ukoo.

Nawataja wazee kwa sababu wengi wetu tunaosoma gazeti hili tukiwa Nairobi, Nakuru, Kisumu au Mombasa tuna nyumbani kwetu mashambani. Kwa baadhi yetu nyumbani ni Magwagwa, katika Kaunti ya Nyamira, kule kwenye milima ya chai na migomba, si mbali na mto Sondu. Huko, kama ilivyo kwingi nchini, mzee kupoteza meno huchukuliwa kuwa jambo la kawaida kama kuota mvi. Mzee mwenye sigara mkononi na mapengo kinywani hamshangazi mtu, wala hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Wengi huugua, wachache hupoteza meno

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Kila siku utando laini hujijenga juu ya meno yetu. Utando huo ni ukoga, na ndani yake mna bakteria kwa mamilioni. Usiposuguliwa hugeuka kuwa mgumu kama chokaa, na hapo huitwa ugaga. Bakteria hao huuchokoza ufizi nao huvimba, huwa mwekundu na hutoka damu kwa urahisi. Hatua hii ya kwanza inatibika kabisa kwa kusafisha meno vizuri.

Hatua ya pili ndiyo ya hatari. Ufizi huachana na jino, mfuko hujitokeza kati yao, bakteria hujificha humo mahali ambapo mswaki haufiki, na mfupa unaoushika mzizi wa jino huanza kuyeyuka. Jino hulegea, na mwishowe hutoka lenyewe au hung'olewa.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 98 ya watu wazima walikuwa na fizi zinazotoka damu. Hii ina maana kwamba karibu kila mmoja wetu ana chanzo cha ugonjwa huu. Lakini ukitazama watu unaoishi nao utaona kwamba si kila mtu anafika uzeeni bila meno. Kwa nini?

Swali hilo si geni hapa kwetu. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Machakos, ambako watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walichunguzwa vinywa. Watafiti walikuta ukoga na ugaga karibu katika kila kinywa. Hata hivyo, uharibifu mkubwa, ule wa kupoteza mfupa na nyuzi zinazoshika meno, haukuwa umeenea kwa watu wote kwa usawa. Ulirundikana kwa sehemu tu ya watu. Utafiti huo wa Machakos ulisaidia kuwafanya wataalamu duniani watilie shaka dhana iliyokuwapo kwamba kila mwenye uchafu kinywani lazima atapoteza meno.

Basi uchafu peke yake hautoshi kueleza mambo. Kinachoamua zaidi ni jinsi mwili wa mtu unavyoujibu uchafu huo. Sehemu kubwa ya madhara ya ugonjwa wa fizi hailetwi moja kwa moja na bakteria, bali na mwili wenyewe unapopigana nao kupita kiasi au kwa njia isiyofaa.

Si ukoo peke yake

Hapa ndipo watu husema, "Kumbe ni ukoo! Baba alipoteza meno mapema, nami nitafuata." Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani waliwachunguza mapacha jozi 117, baadhi yao mapacha wa kufanana kabisa na wengine wasiofanana. Walikadiria kwamba karibu nusu ya tofauti baina ya watu katika ugonjwa huu inatokana na urithi.

Nusu si haba. Lakini nusu iliyobaki haitoki kwa baba wala mama. Inatoka katika maisha yetu, na ndani ya nusu hiyo uvutaji sigara ni miongoni mwa mambo yenye nguvu kuliko yote. Isitoshe, hata zile jeni tulizorithi hazifanyi kazi kama mashine isiyoweza kuguswa. Zinapokea amri, na amri hizo hutegemea kile tunachokiingiza mwilini.

Jeni na amri zake

Msomaji, karibu kila chembe hai ya mwili wako, iwe ya ufizi, ya ini au ya ngozi, imebeba jeni zilezile, zipatazo 20,000 hivi. Kinachoitofautisha chembe ya ufizi na chembe ya ini ni jeni zipi zimeruhusiwa kufanya kazi na zipi zimenyamazishwa. Ni kama mashamba mawili yaliyopewa mbegu za namna moja, lakini kila mwenye shamba akachagua atakazopanda.

Mwili una njia kadhaa za kunyamazisha jeni na kuziamsha. Njia mojawapo ni kubandika alama ndogo za kikemikali juu ya DNA. Alama hizo huitwa methili. Kwa kawaida, zikiwa nyingi mahali ambapo jeni huanza kusomwa, jeni hiyo hunyamaza. Zikiondolewa, huanza kusema. Jeni yenyewe haijabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni amri iliyowekwa juu yake.

Sasa tazama moshi unapoingia. Moshi wa sigara una maelfu ya kemikali, na baadhi yake ni sumu zinazotokana na kuungua kwa majani ya tumbaku. Sumu hizo zinapopenya ndani ya chembe hai hukutana na kilinzi maalumu ambacho kazi yake ni kutambua sumu za aina hiyo. Kilinzi hicho kikiguswa hutoa amri kwa jeni kadhaa zianze kutengeneza vimeng'enya vya kuivunja sumu. Mojawapo ya jeni hizo inajulikana kwa jina la CYP1B1. Mwaka 2019 watafiti nchini Ujerumani, waliochunguza nyama ya ndani ya kinywa ya wavutaji na ya wasiovuta, waliripoti kwamba jeni hiyo ni miongoni mwa zile zilizobadilishwa waziwazi na uvutaji, na kwamba ina nafasi muhimu katika afya ya ngozi ya kinywa.

Kuna jeni nyingine iitwayo AHRR, ambayo kazi yake ni kukipiga breki kilinzi nilichokitaja. Kwa mvutaji, alama za methili kwenye jeni hii hupungua sana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanasayansi wamekuwa wakiliona jambo hili katika utafiti mmoja baada ya mwingine, hata imekuwa rahisi kupima tone la damu ya mtu na kujua kama anavuta, bila kumwuliza neno. Anayemficha mkewe au daktari wake kwamba bado anavuta ajue kwamba damu yake haina siri.

Jambo hili si la jeni moja au mbili. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliokusanya sampuli za damu za watu karibu 16,000. Ilibainika kwamba uvutaji sigara umehusishwa na mabadiliko ya alama hizo kwenye jeni zaidi ya 7,000, yaani takriban theluthi moja ya jeni zote za binadamu zinazojulikana. Mkono wa sigara, kumbe, hufika mbali kuliko mapafu.

Yanayotokea ndani ya ufizi

Ufizi ndio wa kwanza kupokea moshi, hata kabla ya mapafu. Hapo yanatokea mambo matatu ambayo ni vizuri uyajue.

La kwanza, askari wa mwili huvurugwa. Chembe nyeupe za damu, ambazo zinapaswa kuwavamia bakteria na kuwala, hupoteza uhodari wao. Badala yake huachilia kemikali zao ovyo, na kemikali hizo huanza kuumega ufizi wenyewe. Miongoni mwake ni vimeng'enya vinavyokata nyuzi ngumu zinazolifunga jino kwenye mfupa.

La pili, mizani ya mfupa huinama. Mfupa wa taya, kama mifupa yote, hujengwa na kubomolewa kila siku. Kuna amri inayoziita chembe za kubomoa mfupa zije kazini, na kuna protini nyingine inayoizuia amri hiyo. Mtu mzima wa afya huwa na mizani iliyo sawa baina ya hizo mbili. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba kwa wavutaji kile kizuizi hupungua. Wabomoaji wanabaki bila wa kuwazuia, na mfupa unapungua kidogo kidogo chini ya ufizi usiouma.

La tatu ndilo nililoanza nalo, yaani damu inafichwa. Nikotini huibana mishipa midogo ya damu, na uvutaji wa muda mrefu huufanya ufizi ushindwe kuonyesha uvimbe kama inavyopasa. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa meno wameandika kwamba mvutaji hutokwa damu kidogo kuliko asiyevuta, hata pale ambapo wote wawili wana ukoga wa kiasi kilekile. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kwa mvutaji mvua hunyesha bila wingu kuonekana.

Hii ndiyo sababu nasema kwamba kutegemea damu kwenye mswaki ni kujidanganya. Mvutaji anapaswa kuangalia mambo mengine: harufu mbaya ya kinywa isiyokwisha, meno yanayoonekana kuwa marefu kwa sababu ufizi umeshuka, mapengo mapya baina ya meno, usaha, na jino linalocheza. Na hata akikosa yote hayo, amwombe daktari wa meno ampime vina vya mifuko ya fizi kwa kile kifaa chembamba chenye alama za milimita. Mfuko wa milimita 1 hadi 3 si wa kutia wasiwasi. Ukifika milimita 4 na kuendelea, kuna kazi ya kufanywa.

"Babu yangu alivuta na meno anayo"

Najua wapo watakaopinga. Kila ukoo una babu aliyevuta kiko tangu zamani za wakoloni na akafa akitafuna nyama ya mbuzi bila shida. Sina sababu ya kumkana babu huyo. Lakini tusihesabu mmoja aliyevuka mto uliofurika tukawasahau waliosombwa na maji.

Mwaka 2000 wataalamu nchini Marekani walichapisha uchambuzi wa uchunguzi wa kitaifa uliofanywa huko baina ya mwaka 1988 na 1994. Waligundua kwamba wavutaji walikuwa na uwezekano wa kuugua ugonjwa mkali wa fizi mara nne hivi kuliko watu ambao hawajawahi kuvuta. Tena kadiri sigara zilivyokuwa nyingi ndivyo hatari ilivyopanda. Waliovuta sigara zisizozidi 9 kwa siku walikuwa na hatari karibu mara tatu. Waliovuta 31 na zaidi, karibu mara sita. Wataalamu hao walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya ugonjwa huo miongoni mwa watu wazima wa Marekani ulitokana na uvutaji wa sasa au wa zamani.

Zingatia hizo sigara 9 kwa siku. Wengi wetu hujifariji kwamba sisi si wavutaji hasa, kwa kuwa tunavuta mbili baada ya chakula na tatu jioni tukiwa na marafiki. Ufizi haujui tofauti baina ya mvutaji hasa na mvutaji wa kujipumbaza.

Je, ugoro ni nafuu? Wapo wanaosema kwamba kwa vile ugoro hauna moshi, basi hauna madhara kinywani. Katika uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku wa mwaka 2014, Wakenya watu wazima milioni 2.5, yaani asilimia 11.6, walikuwa wakitumia tumbaku ya namna moja au nyingine. Wanaume walikuwa asilimia 19.1 na wanawake asilimia 4.5. Ukichunguza hesabu hizo utaona kwamba wanawake waliovuta hawakufika hata asilimia moja, ilhali waliotumia tumbaku isiyo na moshi walikuwa asilimia 3.8. Kwa hiyo mama zetu nao wamo, ila wao hawaonekani na moshi. Tumbaku inayowekwa kinywani husababisha ufizi kushuka pale inapokaa, na ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya kinywa. Kuhama kutoka sigara hadi ugoro si kupona.

Amri zinaweza kufutwa

Sasa nakuja kwenye habari njema, ambayo naona haisemwi vya kutosha. Kama sigara ingekuwa imezikata jeni za ufizi vipande vipande, tungesema yaliyopita si ndwele. Lakini tuliona kwamba mabadiliko haya ninayoyazungumzia ni ya amri, na amri iliyotolewa inaweza kuondolewa.

Ule uchunguzi wa mwaka 2016 wa watu karibu 16,000 ulionyesha kwamba kwa walioacha sigara, sehemu kubwa ya alama za methili zilikuwa zimerudi katika hali ya watu wasiovuta baada ya muda wa miaka mitano. Ni kweli kwamba baadhi zilibaki hata baada ya miaka 30, na hilo linatukumbusha kwamba bora zaidi ni kutoanza kabisa. Lakini sehemu kubwa ilirudi.

Meno nayo yanatoa ushahidi kama huo. Katika uchambuzi wa Marekani nilioutaja, watu walioacha sigara kwa miaka 11 na zaidi hawakuwa na tofauti kubwa ya hatari na wale ambao hawakuwahi kuvuta. Na madaktari wameona mara nyingi kwamba fizi za aliyeacha hupona vizuri zaidi baada ya kusafishwa kuliko za anayeendelea. Anayetibiwa fizi huku akivuta ni kama anayechota maji kwa pakacha. Anatumia fedha, anavumilia maumivu, na mifuko ya fizi inabaki vilevile.

Hapa pana jambo moja ambalo lazima kila anayetaka kuacha alijue mapema. Mwaka 2003 watafiti nchini Uingereza waliwafuata watu walioacha sigara na kukuta kwamba katika muda wa majuma manne hadi sita, fizi zao zilianza kutoka damu karibu mara mbili ya hapo awali, ingawa walikuwa wakisafisha meno vizuri zaidi. Mtu asiyejua atashtuka na kusema, "Nilipokuwa navuta sikutoka damu. Tazama sasa!" Kisha atarudi kwenye sigara yake. La, usirudi! Damu hiyo ni dalili kwamba mishipa inafunguka na ufizi umeanza tena kusema ukweli. Nenda ukasafishwe ugaga, endelea kupiga mswaki mara mbili kwa siku, na damu hiyo itapungua kwa sababu iliyo sahihi.

Tufanye nini?

Maneno matupu hayavunji mfupa wala hayaujengi. Nina mambo matatu ya kupendekeza.

Kwanza, kila mtoaji huduma ya meno, kuanzia kituo cha afya cha kijijini hadi hospitali kubwa za rufaa za Kisii na Nyamira, anapaswa kumwuliza kila mgonjwa kama anatumia tumbaku, na amsaidie aliyekubali kuacha. Kung'oa jino na kumrudisha mgonjwa nyumbani na pakiti yake mfukoni ni kazi iliyofanywa nusu. Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa za kuchukua nafasi ya nikotini katika orodha yake ya dawa za lazima tangu mwaka 2009. Dawa hizo hazina maana kwa mkazi wa Magwagwa ikiwa zinapatikana katika maduka machache ya dawa ya jijini kwa bei asiyoimudu. Serikali za kaunti zinapaswa kuzifikisha mashinani kama zinavyofikisha dawa za shinikizo la damu.

Pili, sheria tunayo na itekelezwe. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumwuzia sigara mtu wa chini ya miaka 18, na haimruhusu mwenye duka kufungua pakiti na kuuza sigara moja moja. Tembea katika soko lolote, la mjini au la kijijini, uone kama katazo hilo linaheshimiwa. Sigara ya moja moja ndiyo inayomfanya kijana aanze na mzee asiweze kuacha, kwa kuwa haihitaji fedha nyingi kwa mara moja. Anayeanza kuvuta akiwa na miaka 16 anaanza kupanga upya amri za jeni zake kabla hata meno yake ya mwisho hayajaota.

Tatu, na hili linakuhusu wewe unayesoma gazeti hili ukiwa mjini. Unapopanda gari Desemba kwenda nyumbani, unambebea mzee nini? Nafahamu desturi yetu. Kuna sukari, kuna mkate, kuna blanketi, na kwa mzee anayevuta kuna pakiti kadhaa za sigara au mkebe wa ugoro, maana mkono mtupu haulambwi. Tunafanya hivyo kwa heshima na mapenzi. Lakini tukijua tunayoyajua leo, zawadi hiyo ni sawa na kumlipia mtu fundi wa kuja kuibomoa nyumba yake.

Mwondolee zawadi hiyo. Weka fedha hizo pamoja na nyingine kidogo, umlipie nauli na ada ya kuonana na daktari wa meno, na ikiwezekana uandamane naye. Usimkaripie, maana mzee hakaripiwi, na tumbaku ni uraibu ambao haukatwi kwa kelele. Mweleze taratibu kwamba fizi zake zisizotoka damu si ushahidi wa afya. Mwambie pia kwamba kuacha akiwa na miaka 60 si kazi bure, maana kila mwaka unaopita bila moshi unaupunguzia ufizi amri mbaya. Akihitaji msaada zaidi, nambari 1192 ya NACADA hupigwa bila malipo.

Na kama mvutaji ni wewe mwenyewe, usingoje Desemba. Jitazame kwenye kioo leo jioni. Ukiona meno yameanza kurefuka, usiseme ni umri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni ukuta ambao hata fundi hodari hawezi kuujenga ukawa kama ulivyokuwa. Mwone daktari wa meno juma hili, mwambie bila kuficha unavuta sigara ngapi, na umwombe apime mifuko ya fizi zako.